Hajameza Ulimi: Mwongozo wa Moyo kwa Timu za Mtaani

Mchezaji anakimbia peke yake, hajaguswa na mtu, mara magoti yanalegea na anaanguka kifudifudi. Kabla vumbi halijatulia wenzake wameshamzunguka. Mmoja anampepea kwa jezi, mwingine anammwagia maji ya ndoo, wa tatu anamtanua taya kwa vidole akiusaka ulimi, maana uwanja mzima unapiga kelele kwamba kameza ulimi. Ulimi haumezeki, umeshikizwa na nyama chini ya kinywa. Mtu akipoteza fahamu unalegea na kurudi nyuma, na dawa yake ni kukilaza kichwa nyuma kidogo na kuinua kidevu, basi. Tena mara nyingi shida ya mchezaji wa namna hii haiko kinywani kabisa. Moyo wake umeacha kusukuma damu, na kila dakika inayopita bila kifua chake kukandamizwa inamnyang'anya asilimia 7 hadi 10 ya nafasi ya kupona. Dakika tatu za kuhangaika na ulimi ni dakika tatu alizoibiwa na watu wanaompenda.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeongoza timu ya mchangani, klabu ya jogging au bonanza la maveterani: kocha, nahodha, katibu, hata yule anayebeba ndoo na chupa ya dawa ya kupulizia na kuitwa "dokta". Hoja yake ni moja. Vifo hivi vinazuilika mahali pawili, kabla mtu hajaingia uwanjani na katika dakika chache baada ya kuanguka, na kote kuwili kinachohitajika zaidi ni mdomo wa kuuliza na mikono ya kukandamiza. Mashine na vipimo vina nafasi yao, tutafika huko, ila timu inayosubiri vipimo na mashine ndipo ianze kujilinda itasubiri sana.

Kwa nini moyo unasimama

Tuanze na majina, kwa sababu yanachanganywa kila siku. Shambulio la moyo ni mshipa wa damu unaolisha moyo kuziba: mtu anaumwa kifua, anatoka jasho, lakini mara nyingi bado anaongea. Moyo kusimama ghafla ni jambo jingine. Umeme unaouongoza moyo unavurugika, misuli inatetemeka badala ya kudunda, na ndani ya sekunde chache ubongo unakosa damu na mtu anaanguka. La kwanza linaweza kuzaa la pili, na kwa watu waliovuka miaka 35 hiyo ndiyo njia ya kawaida: mishipa iliyojaa mafuta kwa miaka mingi inashindwa siku moyo unapodai damu nyingi. Kwa vijana chanzo kwa kawaida ni kitu walichozaliwa nacho, kama misuli ya moyo iliyonenepa kupita kiasi, mshipa uliochipuka mahali pasipo pake, au hitilafu ya umeme isiyoonekana kwa macho. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alikuwa na miaka 28 alipoanguka Lyon tarehe 26 Juni 2003, dakika ya 72 ya nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia, bila mtu kumgusa. Uchunguzi wa mwili wake ulionyesha ugonjwa huo wa misuli ya moyo kunenepa. Alikuwa mchezaji wa kulipwa, mwenye madaktari wa klabu na wa taifa.

Kwetu Afrika Mashariki ongeza vyanzo viwili ambavyo miongozo ya Ulaya huvipitia juu juu. Cha kwanza ni vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na koo la mtoto lililouma na kuachwa bila dawa. Miaka kumi baadaye mtoto yule ni winga anayekosa pumzi, na kocha anamwita mvivu. Cha pili ni kuvimba kwa misuli ya moyo kunakoletwa na virusi, vile vile vya mafua na homa za kawaida. Mtu huyu hakuzaliwa na tatizo, amelipata wiki iliyopita, na kipimo cha mwaka jana hakiwezi kulijua.

Swali la vipimo

Msomaji mwenye haraka atasema: basi tuwapime wote umeme wa moyo, ECG, tumalize. Kuna ushahidi wa kumuunga mkono. Italia iliweka sheria mwaka 1982 kwamba mwanamichezo wa mashindano apimwe, na katika mkoa wa Veneto vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilishuka kwa asilimia 89 kati ya mwaka 1979 na 2004. Lakini Israeli nayo ilifanya upimaji kuwa wa lazima mwaka 1997, na watafiti walipolinganisha miaka ya kabla na ya baada hawakuona tofauti. Uingereza ndiko kwenye somo kali zaidi. Kwa miaka 20, kuanzia 1996 hadi 2016, chama cha soka kiliwapima vijana 11,168 kwa ECG na kwa picha ya moyo. Vijana 42 walikutwa na ugonjwa unaoweza kuua ghafla, na hao walisaidiwa. Hata hivyo wachezaji wanane walikuja kufa kwa ugonjwa wa moyo, na sita kati yao vipimo vyao vilikuwa vimesomeka safi. Kipimo ni kama kokoro lenye matundu: linanasa samaki, na wengine wanapita.

Kwa hiyo kama timu yako ina uwezo, pimeni, ila msomaji wa kipimo awe mtu anayewajua wanamichezo. ECG ya mwanamichezo mweusi mwenye afya huweza kuonyesha mawimbi yaliyogeuka upande wa mbele wa moyo, jambo ambalo kwa Mzungu lingetia wasiwasi na kwake huwa ni la kawaida. Daktari asiyelijua hilo anaweza kumfungia kijana mzima. Na kama hamna uwezo, msidhani hamna cha kufanya. Maswali yafuatayo hayana gharama, na yanawashika wengi ambao dalili zao zipo, ila hawakuwahi kuulizwa.

Muulize kila mchezaji mwanzoni mwa msimu, faraghani, si mbele ya wenzake:

1. Umewahi kuzimia, au kukaribia kuzimia, ukiwa katikati ya mazoezi? (Kuzimia baada ya kumaliza na kusimama ghafla si kwema, ila kuzimia mbioni ni hatari zaidi.)
2. Kifua hukubana au kuuma unapokimbia, kikaacha ukipumzika?
3. Moyo wako huenda mbio au kuruka mapigo bila sababu?
4. Pumzi hukukatikia mapema kuliko wa rika lako, hasa kama zamani haikuwa hivyo?
5. Kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 50, hata kama ilisemwa ni kuzama majini, ajali ya peke yake barabarani, kifafa, au "kalala hakuamka"?
6. Umewahi kuambiwa moyo una mlio, una presha, au ulitibiwa homa ya baridi yabisi utotoni?

Jibu moja tu la "ndiyo" latosha kumsimamisha hadi aonwe na daktari. Anzeni na hospitali ya wilaya au ya mkoa. Ikihitajika atapewa rufaa kwenda kwa wataalamu, kama wale wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili. Swali la tano lisipitwe haraka, kwa sababu ndilo linalojibiwa vibaya. Jim Fixx, Mmarekani aliyewafundisha mamilioni kukimbia kwa vitabu vyake, alikufa akikimbia mwaka 1984 akiwa na miaka 52. Baba yake alipata shambulio la moyo akiwa na miaka 35 na kufa na 43. Kwetu habari za namna hiyo hufunikwa: mjomba alirogwa, shangazi aliitwa na mizimu. Usibishane na mchezaji juu ya chanzo. Muulize tu alikuwa na umri gani na alikuwa anafanya nini alipoanguka.

Ugumu wa maswali haya uko kwenye faragha hiyo. Kijana anayewania namba kikosini hatakiri kifua kinambana ikiwa anajua kukiri ni kuondolewa. Tangaza mapema, kwa kauli ya kocha mwenyewe, kwamba anayesema hapotezi nafasi yake kwa kusema. Na ukishatangaza, timiza. Ukimtupa nje mmoja aliyesema ukweli, hutasikia ukweli mwingine msimu mzima.

Wasiozoea na wanaojilazimisha

Pingamizi jingine huja hapa: kama michezo inaua, si bora mtu atulie nyumbani? Hesabu inakataa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993 ulipima hatari ya shambulio la moyo wakati wa kutumia nguvu nyingi, ikilinganishwa na wakati wa utulivu. Kwa watu wanaojitutumua chini ya mara moja kwa wiki hatari hiyo ilipanda mara 107. Kwa wanaofanya hivyo mara 5 au zaidi kwa wiki ilipanda mara 2.4 tu. Anayebeba hatari ni yule baba wa miaka 45 anayekaa ofisini mwezi mzima, halafu Jumamosi ya bonanza anavaa viatu vya kuazima na kutaka kumkimbiza kijana wa miaka 20 huku wanawe wakimshangilia. Huyu hahitaji kukatazwa mpira. Anahitaji wiki sita hadi nane za kutembea haraka, kisha kukimbia polepole, kisha ndipo acheze. Apime presha na sukari kabla, na kama anavuta sigara ajue ameongeza mzigo juu ya mzigo. Akianza kucheza, dakika 10 hadi 15 za kupasha mwili moto si za watoto peke yao.

Yapo pia mambo manne ambayo watu huyahesabu ujasiri. Kucheza na homa ndilo la kwanza. Mwenye homa, misuli inayouma mwili mzima au kikohozi kizito apumzike hadi apone kabisa, kisha arudi taratibu. Aliyeambiwa moyo umevimba hukaa nje miezi mitatu hadi sita na hurudi kwa ruhusa ya daktari. La pili ni kumeza diklofenaki kabla ya mechi ili maumivu yasisikike, dawa inayojulikana kuongeza hatari ya moyo. La tatu ni kugida makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu wakati wa mapumziko. La nne ni jua la saa nane mchana Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, ambalo waandaaji wa bonanza hulisahau kwa kuwa wao wako chini ya turubai. Sogezeni mechi iwe saa kumi, wekeni mapumziko ya maji. Mwenye vinasaba vya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, ambaye kwa kawaida haumwi chochote, anaweza kuzidiwa akikimbizwa mbio mfululizo kwenye joto asilolizoea. Akilalamika miguu imekwisha nguvu, mtoeni. Msimwongezee raundi za adhabu.

Akianguka

Hata timu iliyouliza maswali yote inaweza kupata ajali hii, kwa sababu tulizoziona Uingereza. Ndipo mikono inapoingia. Kanuni ni hii: aliyeanguka bila kugongwa na haitiki, mhesabu moyo wake umesimama hadi ithibitike vinginevyo. Anaweza kutupa miguu kama mwenye kifafa kwa sekunde kadhaa. Anaweza kukoroma au kuhema kwa kushtuka-shtuka kama samaki aliyetolewa majini. Hiyo si pumzi, usidanganyike. Vivyo hivyo kwa aliyepigwa mpira au kiwiko kifuani na kuanguka papo hapo, maana pigo likiangukia sehemu fulani ya mdundo linaweza kuusimamisha hata moyo usio na kasoro.

1. Kimbilia. Mwamuzi asimamishe mchezo bila kusubiri mpira utoke. Mtikise mabega, mwite kwa nguvu, tazama kifua. Usizidishe sekunde 10.
2. Gawa kazi kwa majina, si kwa kusema "jamani mtu apige simu". Juma apige simu, Asha alete gari au mashine, Musa awasogeze watu.
3. Mlaze chali mahali pagumu. Piga magoti ubavuni. Weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, juu ya mfupa, kiganja cha pili juu yake, viwiko vimenyooka.
4. Kandamiza kwa uzito wa mwili: kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kiache kifua kirudi juu chote kila mara.
5. Kama umefunzwa kupuliza pumzi, kandamiza 30 kisha puliza mbili. Kama hukufunzwa, kandamiza tu bila kukoma. Kwa mtoto mdogo na aliyetolewa majini pumzi ni muhimu zaidi, jitahidini apatikane anayejua.
6. Badilishaneni kila dakika mbili. Mchovu hukandamiza kwa juu juu bila kujua.
7. Mashine ya kushtua moyo ikifika, iwashe na ufuate inavyosema. Futa jasho kifuani, bandika vibandiko, watu wote waachie mwili inapochanganua na inaposhtua, kisha endelea kukandamiza mara moja.
8. Usiache hadi apumue na kujitikisa, au wahudumu wa afya wapokee.

Neno moja juu ya kuhesabu, kwa kuwa miongozo ya kutafsiriwa hulikosea. Kwa Kiswahili, ukifika "kumi na saba, kumi na nane" maneno yanakuwa marefu kuliko mdundo, na mkono unapunguza mwendo kuyasubiri. Hesabu moja hadi kumi, mara tatu. Karibu mikandamizo miwili kila sekunde. Mazoezini tumieni mpira uliopungua upepo chini ya viganja, kila mmoja dakika mbili, mtashangaa jinsi mtu mwenye mapafu ya dakika 90 anavyotweta.

Makosa mengine yanatokana na huruma. Maji ya ndoo yana mahali pake, kwa aliyezidiwa na joto ambaye anapumua, mwili unawaka na maneno hayaeleweki: huyo mmwagieni maji na barafu bila kuchelewa. Kwa moyo uliosimama maji hayasaidii kitu, yanalowesha tu kifua kinachosubiri vibandiko. Kijiko mdomoni, kitunguu puani, kumsimamisha "damu ishuke", vyote viacheni. Kosa kubwa kuliko yote ni kumkunja kwenye bajaji na kukimbia naye hospitali. Njia nzima hakuna anayekandamiza, na kinachofika mapokezi ni mwili. Gari ndilo limfuate aliko, likiwa na nafasi ya kumlaza na ya mtu kupiga magoti, na mikono isitoke kifuani hadi sekunde ya kumpakia, kisha irudi.

"Nitamvunja mbavu." Huenda ukazivunja, hutokea hata kwa wauguzi, na mbavu huunga. Mtu ambaye moyo umesimama tayari yuko upande wa pili, na huwezi kumfanya awe mfu zaidi. "Siku yake ilikuwa imefika." Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka kwenye uwanja wa White Hart Lane, London, tarehe 17 Machi 2012 akiichezea klabu ya Bolton, na moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Alishtuliwa mara 15. Katika muda wote huo kilichoupa ubongo wake damu ni mikono ya watu iliyokuwa ikipokezana kifuani, na yuko hai. Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, akakandamizwa palepale na kushtuliwa mara moja uwanjani. Nani angejua siku yake, kama wasingemgusa? Ama wale wanaotaka kwanza kujua kama wapinzani walituma "kamati ya ufundi" ya waganga, waacheni waulize baadaye.

"Lakini Ulaya wana madaktari." Tazama walinzi wa makasino ya Marekani. Waliofunzwa kukandamiza na kutumia mashine walikuwa askari wa mlangoni, na utafiti wao ulichapishwa mwaka 2000: kati ya watu walioanguka mbele ya macho na kushtuliwa ndani ya dakika tatu, asilimia 74 walitoka hospitali wakiwa hai. Walipochelewa kupita hapo, asilimia 49. Mashine hiyo huzungumza, huchunguza moyo yenyewe na haimshtui asiyehitaji. Ni ghali kwa timu moja, ndiyo maana inafaa kununuliwa na ligi nzima ya wilaya au na mwenye uwanja, ikae uwanjani. Ikikaa kwenye kabati la katibu lililofungwa ni sawa na haipo. Shirika la Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza. Pelekeni watu wawili, warudi wawafundishe wengine.

Karatasi ya kubandika kwenye sanduku la huduma ya kwanza

☐ Nani anakandamiza wa kwanza leo, nani wa pili
☐ Nani anapiga simu: 112 (Tanzania), 999 au 112 (Kenya), na namba ya zamu ya hospitali ya karibu, iliyojaribiwa wiki hii
☐ Gari gani, funguo anazo nani, limeegeshwa bila kuzibwa
☐ Geti lipi liko wazi
☐ Mashine ya kushtua iko wapi, kama ipo
☐ Nani hachezi leo kwa homa au kwa kusubiri daktari

Isomeni kwa sauti kabla ya mechi, timu zote mbili na mwamuzi. Dakika moja yatosha.

Aliyenusurika, na ndugu zake

Aliyeanguka na kuamka mwenyewe, akasema "niko poa", harudi uwanjani siku hiyo hata kama mmefungwa na zimebaki dakika tano. Anakwenda hospitali, na kurudi kwake kuna mwenye kuamua, naye si kocha. Eriksen alirudi kucheza akiwa na kifaa kilichopandikizwa kifuani cha kumshtua moyo ukivurugika. Italia haikumruhusu kucheza na kifaa hicho, akaachana na klabu yake ya Inter na kuhamia Brentford ya Uingereza. Raphael Dwamena wa Ghana naye aliwahi kuwekewa, kikaja kutolewa, akaendelea na soka, na alianguka na kufa akicheza Albania tarehe 11 Novemba 2023 akiwa na miaka 28.

Na kama mchezaji wenu hakunusurika, kazi ya timu haiishii makaburini. Magonjwa mengi kati ya haya hurithiwa. Kwa ule wa misuli kunenepa, kila mtoto wa mzazi mwenye nao ana nafasi moja kati ya mbili za kurithi kasoro yake. Iombeni familia, kwa upole na baada ya matanga, iwapeleke waliobaki wakapimwe moyo, na mchango ukibaki uende huko. Mdogo wake anayecheza timu ya watoto kwenye uwanja ule ule asivae jezi hadi majibu yatoke.